Jiji Halitazamwi Saa Sita Mchana

Mtu aliyekulia Munisagara hahitaji kufundishwa kutazama kutoka juu. Bonde la Mkondoa limebanwa na milima, na mtoto yeyote aliyetumwa kuni amewahi kusimama mahali akaona stesheni, reli, mto na mapaa ya bati kwa mara moja. Anajua kwamba mwezi wa Septemba, mashamba yanapochomwa, mlima wa pili hugeuka kivuli na wa tatu hauonekani kabisa. Anajua pia kwamba mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake milima husogea karibu hadi unaweza kuhesabu miti. Maarifa hayo ndiyo yanayotakiwa juu ya ghorofa la Dar es Salaam au Nairobi. Ajabu ni kwamba tukifika mjini tunayaacha stendi. Tunapanda lifti saa sita mchana, jua liko utosini, tunapiga picha za mapaa yanayomeremeta, tunashuka tukilalamika kwamba hakuna cha maana.

Siku hizi swali la wapi pa kupanda kulitazama jiji linakuja mara nyingi. Treni ya SGR ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, na ya Kilosa iko katikati ya hizo. Kwa hiyo kijana anayetoka huku kwetu kwa bodaboda hadi Kilosa mjini anaweza kwenda Dar kutembea tu, bila msiba wala harusi, na miongoni mwa mambo anayotaka ni kupanda juu ya ghorofa refu akaliona jiji zima. Ni hamu nzuri. Ila kabla ya kuuliza ghorofa gani ni refu zaidi, tuelewane kuhusu urefu wenyewe.

Urefu hausaidii kama watu wanavyofikiri. Kwa sababu dunia ni mviringo, umbali wa upeo wa macho haukui sambamba na kimo chako. Ukisimama mita 30 juu ya bahari tulivu, upeo uko kama kilomita 20 mbele yako. Ili uongeze umbali huo mara mbili, kufika kilomita 40, huhitaji mita 60. Unahitaji mita 120. Yaani kimo mara nne kwa umbali mara mbili. Na hizo kilomita za nyongeza, kwa siku nyingi za mwaka, zimejaa moshi, vumbi na unyevu wa bahari, kwa hiyo umezilipia lakini huzioni. Wakati huo huo kila ghorofa unayopanda inakunyang'anya kitu: ukiwa ghorofa ya saba au ya nane bado unamtambua muuza madafu na mkokoteni wake, unasikia honi, unaona nani anamkimbilia nani. Ukiwa ya thelathini, watu wamekwisha. Yamebaki mapaa, matangi ya maji na viyoyozi. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua nitachukua ya nane.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hulisahau. Anayetaka kuona sura ya jiji, ule mstari wa majengo ukikata anga, hawezi kuuona akiwa amesimama ndani yake. Ukipanda jengo refu kuliko yote, umeshalitoa jengo hilo kwenye picha. Kwa Dar es Salaam, mahali pazuri pa kuliona jiji kwa sura yake ni majini na ng'ambo ya maji. Panda kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Nauli yake haifiki bei ya soda ya hotelini. Ukiwa katikati ya mlango wa bandari, geuka nyuma. Utaliona kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, likiwa na mnara wake na paa lake jekundu, na nyuma yake jengo la Mamlaka ya Bandari na minara pacha ya mfuko wa pensheni, ambayo inapita mita 150. Kanisa hilo kwa wakati wake lilitawala ufukwe wote. Leo limekuwa kipimo: linakuonyesha majengo mengine yamekua kiasi gani.

Hapa ndipo saa inapoamua kila kitu. Kigamboni iko kusini mashariki ya katikati ya jiji. Maana yake, asubuhi ukiwa Kigamboni jua liko nyuma yako na linaangaza majengo usoni. Kila dirisha linaonekana. Jioni jua linazama nyuma ya majengo hayo hayo, nayo yanageuka meusi mbele ya anga la rangi ya chungwa. Yote mawili ni mazuri, ila si kitu kimoja. Anayetaka kuyatambua majengo aende asubuhi. Anayetaka picha ya kuweka ukutani aende jioni. Ukiwa juu ya paa upande wa mjini, mambo yanageuka: asubuhi jua la baharini linakupiga machoni, jioni linapita juu ya bega lako na kuwaangazia Kigamboni.

Machweo ya Dar hayabadiliki sana mwaka mzima. Yako kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni, mapema zaidi kuanzia Mei hadi Juni na tena Novemba, yakichelewa zaidi Februari. Tatizo la sisi tulio karibu na ikweta ni kwamba giza letu halina subira. Likishazama jua, una kama dakika ishirini za mwanga wa samawati, zile dakika ambazo taa za jiji zimewaka na anga bado lina rangi. Baada ya hapo ni usiku. Basi usifike saa kumi na mbili na nusu ukaanza kubishana na mlinzi wa mapokezi. Fika saa kumi na moja, tafuta nafasi, agiza kinywaji chako, tulia. Utaliona jiji mara tatu kwa bei moja: kwa mwanga wa jua, kwa ule wa samawati, na kwa taa.

Tuje kwenye mapaa yenyewe. Kwa Dar, njia ya kawaida ya raia kupanda juu ni kwenda kwenye mgahawa au baa ya hoteli. Inayojulikana zaidi ni ile ya ghorofa ya nane ya Hyatt Regency, hoteli ambayo watu wa mjini bado wanaiita Kilimanjaro tu, jina lake tangu ilipofunguliwa miaka ya 1960. Inatazama bandari, kivuko na meli zinazoingia kupitia ule mlango mwembamba. Meli kubwa ya makontena ikipita pale, inaonekana kama mtaa mzima unahama. Huko hulipi kiingilio cha kutazama, unalipa kupitia soda au juisi, na soda hiyo itakuuma kidogo. Uliza bei kabla hujakaa. Si aibu. Vaa viatu vya kufunika na shati, maana ndala na fulana isiyo na mikono zinaweza kukurudisha chini. Na ukimkuta mlinzi mtu mzima mlangoni, anza na shikamoo, kisha sema unachotaka kwa unyoofu: "Mzee, nimetoka Kilosa, nataka kupanda juu nitazame bandari, ninywe na soda. Utaratibu ukoje?" Njia hiyo inafungua milango mingi kuliko kujifanya umezoea.

Kuhusu picha, kuwa na akili. Ikulu ya Magogoni iko jirani kabisa na pale, na bandari nayo ni mahali nyeti. Kupiga picha ya machweo na rafiki yako ni jambo la kawaida. Kuvuta lenzi kwenye majengo ya serikali, askari au magati ni kujitafutia maelezo ya kutoa kituoni. Ukiambiwa futa, futa. Droni ndiyo usiilete kabisa kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Sasa kuna mapaa ya aina nyingine, na hapa nitasema kwa ukali. Kariakoo, Kisutu, Upanga, utakutana na mtu atakayekwambia, "Mpe mlinzi elfu mbili akupandishe juu, unaona jiji lote." Jengo halijaisha, ngazi hazina vyuma, juu kuna nondo zilizochomoza na ukingo wa tofali mbili. Usipande. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, na waliokufa walipita 20. Mgeni hawezi kujua nguzo gani imechimbwa chini na ipi imeguswa na fundi asiye na kibali. Kanuni yangu ni rahisi: pasipokuwa na ukingo unaopita kiuno, pasipokuwa na risiti wala mtu anayewajibika, si mahali pa kutazamia mandhari.

Nairobi ndiko Afrika Mashariki ilikojipatia jukwaa halisi la kutazamia, na wanaosafiri kibiashara kupitia Namanga wasilipite. Ni jengo la mikutano la KICC, lile la duara lenye kichwa kipana. Lilibuniwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei akishirikiana na Mkenya David Mutiso, likajengwa kuanzia 1967 hadi 1973. Lina ghorofa 28 na kimo cha mita 105. Si refu zaidi tena. Britam Tower, kule Upper Hill, ina mita 200. Lakini KICC lina kitu ambacho minara mipya haina: paa la wazi, ambako helikopta zilipangiwa kutua, na mwananchi anaruhusiwa kulipa na kupanda. Lifti inakufikisha karibu na juu, halafu unamalizia kwa ngazi. Chukua pasi yako au kitambulisho, kwa sababu bei hutofautiana kati ya mkazi na mgeni. Uliza kwanza kama kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki kabla hujatoa fedha.

Pale juu, usikimbilie ukingoni. Simama katikati, ujue kwanza kaskazini iko wapi. Magharibi utaona Bunge na mnara wake wa saa, kisha Uhuru Park, kisha Upper Hill. Kusini magharibi ni vilima vya Ngong. Kusini kuna uwanda wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na ukibahatika na asubuhi safi, Mlima Kenya unajitokeza kaskazini, zaidi ya kilomita 130 kutoka hapo. Hiyo ni bahati ya alfajiri na saa chache baada yake; kufikia saa nne mawingu yameshaufunika. Tazama pia stesheni ya zamani ya reli. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na sisi wa Kilosa, ambao mji wetu ulikuzwa na reli ya Wajerumani iliyokuwa ikienda Kigoma, tuna macho ya kuielewa: unaona kabisa jinsi mitaa inavyotokea stesheni na kupanda kuelekea nyumba za wakubwa.

Namna ya kutazama mtu anaweza kujifunza hapa hapa nyumbani. Waongoza wageni wa Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa 1964, hawatazami uwanda wa Mkata kwa kurusha macho huku na kule. Wanaugawa. Kwanza ukanda wa karibu, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu. Kisha ukanda wa kati. Kisha wa mbali, hadi kwenye milima ya Uluguru. Mgeni anaona nyasi; mwongozaji anaona sikio la simba. Fanya hivyo hivyo juu ya ghorofa. Anza na mtaa ulio chini ya miguu yako, tafuta njia uliyokujia. Ukishaipata stesheni ya SGR yenye paa lililochongwa kwa umbo la tanzanaiti, umeshapata pa kuanzia. Mengine yote utayapanga kulingana nayo. Asiyefanya hivyo atashuka akiwa ameona majengo mengi na hajui hata moja.

Bora zaidi, panda na mtu mzima aliyeishi mjini zamani. Mjomba aliyefanya kazi bandarini miaka ya 1970 atakuonyesha jengo la Kitega Uchumi na kukueleza lilivyokuwa gumzo, atakuonyesha wapi palikuwa na miembe, na nani alikuwa na duka wapi. Mnunulie chai. Hakuna kibao cha maelezo kitakachomshinda.

Zanzibar ina desturi yake. Mji Mkongwe hauna minara ya vioo, lakini nyumba zake nyingi zina chumba cha juu au paa tambarare, na baadhi ya hoteli za Hurumzi na Kiponda zimegeuza mapaa hayo kuwa mahali pa chai na chakula cha jioni. Unavua viatu, unakaa kwenye mikeka na mito, unasikia adhana zikipokezana kutoka misikiti ya pande zote. Nafasi ni chache, kwa hiyo weka oda mapema. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash 1883 na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndilo refu kuliko yote mjini, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, basi usiliweke kwenye mipango kwa ajili ya roshani zake. Jambo moja la adabu: paa la jirani ni ua wake. Kina mama wanaanika nguo, wanasuka nywele, wanapumzika bila mtandio wakiamini wako kwao. Macho yakikutana na hayo, yapeleke baharini. Simu usiinyanyue kabisa.

Wenye ndugu Dubai wataulizia Burj Khalifa. Ina mita 828, ilifunguliwa Januari 2010, na jukwaa lake la juu liko ghorofa ya 148. Tiketi za saa ya machweo ni ghali kuliko za saa nyingine na hununuliwa mapema mtandaoni. Vumbi la jangwa hula umbali mwingi. Ghorofa ya 124 inatosha, na kwa fedha iliyobaki kale mandi.

Wapo wanaoogopa kimo, na hao wasichekwe. Kizunguzungu cha juu hutokana na macho kukosa kitu cha karibu cha kushikilia. Dawa yake ni kushika ukingo, kutazama kwanza mbali kwenye upeo, kisha kushusha macho polepole, hatua kwa hatua, hadi chini. Kutazama chini ghafla ndiko kunakoangusha. Ukizidiwa, rudi ukae umeegemea ukuta. Hata kwenye kiti chako utaona. Mtoto ashikwe mkono muda wote, asikalishwe juu ya ukingo kwa ajili ya picha hata kama baba yake amemkumbatia. Upepo wa juu ni mkali kuliko wa mtaani, hasa miezi ya kusi, kwa hiyo kofia iingie mfukoni na mtandio ufungwe. Simu ipitishiwe kamba mkononi. Simu ikianguka kutoka ghorofa ya ishirini inaweza kuua mtu.

Kama unapiga picha kupitia kioo, zima mwanga wa simu, futa lenzi kwa kitambaa, kisha igusishe kabisa kwenye kioo. Ukiiacha sentimita kumi nyuma utapata picha ya sura yako mwenyewe na taa za mgahawa. Ukivaa nguo nyeusi, kioo hakikurudishii mwanga wako. Usiku, egemeza simu kwenye kitu kisichotikisika. Na zisipotoka vizuri, ziache.

Msimu nao una neno. Mwezi wa Aprili utapata mvua kubwa, lakini pia utapata hewa iliyooshwa, na ile saa moja baada ya mvua kukatika ndiyo saa ya dhahabu ya mtu wa mapaa. Kati ya Juni na Agosti hewa ni nafuu na joto limepungua. Januari na Februari, upepo wa kaskazi ukivuma, kuna joto la kufukuta na bahari huweka utusitusi mweupe ambao kwa macho unavumilika lakini kwa picha unaharibu. Kama umefika siku mbaya, usilazimishe. Nenda Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika 2022, utembee kwa miguu kwenye njia ya waenda kwa miguu. Ni zaidi kidogo ya kilomita moja, hakuna kiingilio, na majengo ya Upanga yakiwa karibu, ukungu hauwezi kuyaficha. Usisimamishe bajaji katikati ya daraja.

La mwisho ni la ratiba. Anayetaka machweo ya Dar na treni ya kurudi Kilosa jioni ile ile anajidanganya, maana vitu viwili hivyo vinagombea saa moja. Panga kulala kwa ndugu. Mpigie siku mbili kabla, mpelekee mchele wa Kilosa, na umwambie mapema kwamba utarudi saa mbili usiku ili asile peke yake kwa hasira. Kama huna pa kulala, chagua asubuhi badala ya jioni: kivuko cha asubuhi kwenda Kigamboni, chai na chapati ng'ambo, jua likilipiga jiji usoni, na saa sita mchana, wakati wengine wanapanga foleni ya lifti, wewe uko stesheni unasubiri kurudi.